Baba, Khalas ya Abu Yusuf Ilikuwa Ipi?

Baba yangu,

Nikikupigia simu nitasema "niko poa" halafu nimpe Mama. Unanijua. Kwa hivyo naandika. Mama amesoma barua hii, akasema niiweke kwenye ukurasa wa jumuiya yetu hapa Doha, maana kuna watoto wengine ambao wazazi wao wamerudi nyumbani kungoja jibu la mkataba kama wewe. Nimekubali.

Hapa mtaani Abu Hamour joto limeanza kupungua na timu imerudi uwanjani. Kila Ijumaa jioni naketi palepale nyuma ya wavu, begi la gongo lako likiwa miguuni pangu. Uliniambia nililinde. Hakuna mtu analitaka, Baba, lakini nalilinda.

Unakumbuka uliponifundisha besiboli, uwanja ukiwa mtupu? Nilikuwa nazungusha gongo kabla mpira haujafika, najizungusha na mimi kama feni. Ulicheka hadi ukakaa chini. "We mtoto, unapiga upepo? Ngoja! Mpira ni mgeni. Acha afike mlangoni ndio umkaribishe." Baadaye tukaenda kunywa karak, ile chai ya maziwa na iliki. Magari mengine yalikuwa yanapiga honi nje ya duka kumwita mhudumu, kama kuna moto. Wewe ulipiga moja tu, ukaegemea kiti. "Moja inatosha," ulisema. "Wamesikia."

Na siku ya ofisini, unaikumbuka? Mkataba wako na klabu ulikuwa unakwisha, ukanichukua nikutafsirie kwa meneja, Abu Yusuf. Ulikuwa umejigamba kwa wenzako: "Binti yangu anasoma kwa Kiingereza na Kiarabu, mnacheza?" Hukujua kwamba Kiarabu cha darasani na Kiarabu cha Abu Yusuf ni kama ndugu wasiosalimiana. Aliongea haraka haraka, simu yake ikilia mezani, mwisho akakupiga bega, akikuita Baba Neema kwa Kiarabu. "Khalas, Abu Neema. Khalas."

Ukanigeukia. "Amesema nini?"

"Amesema... basi."

"Basi gani? Basi imekwisha, ama basi sawa?"

Sikujua. Khalas ni zote mbili, kama basi yetu. Nilitaka kumuuliza, lakini alikuwa ameshashika simu, na sauti yangu ikajificha kama kawaida yake. Kwenye gari ulinitania, "Kumbe nimezaa mkalimani wa mafumbo," tukacheka. Siku ya kupanda ndege kwenda Nakuru ulimwambia Mama: "Wasiponiongeza mkataba, sirudi. Kama sipigi mpira, nafanya nini huku? Nikae kwa nyumba nikungoje utoke zamu?"

Hilo "sirudi" ndilo linanifuata kila mahali. Mwalimu akiniita jina, nalisikia hilo kwanza.

Ijumaa iliyopita tulifungwa vibaya. Kwenye maegesho wachezaji wakaanza kubishana juu yako, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, kana kwamba sipo.

"Mzee aongezwe!" Huyo ni Ami Hamad, dereva wa timu, rafiki yako Mzanzibari. "Yule akishika gongo hata mimi naacha kula. Na nyinyi mwanijua, mimi siachi kula."

"Nampenda kuliko wewe," Kapteni Ramil akamjibu. "Lakini kijana akimrushia mpira wa kasi, mzee ameshamaliza kupiga kabla haujafika." Kisha akaniona. Akashusha sauti. "Neema, wewe umemtazama kuliko sisi wote. Tumwambie Abu Yusuf amwongeze?"

Baba, kitu hiki siwezi kukisema kwa simu. Moyo ulisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Macho yalisema hapana. Nimekuona msimu mzima. Bega lako linawahi kabla ya mpira. Unaukimbilia mpira kama mtu anayeogopa hautakuja mwingine, wewe uliyenifundisha kungoja. Lakini nimekuona pia na wale watoto wanaofanya mazoezi kabla yenu. Unawashika mikono kwenye gongo, unasema nao polepole, na hapo huna haraka hata kidogo.

Nilimwambia Ramil "sijui," nikaingia kwenye gari.

Jana baada ya shule nilienda ofisini mwenyewe. Ndiyo, mimi. Nilisimama mlangoni mpaka mtu wa chai akaniuliza kama nimepotea. Abu Yusuf akaniita ndani, nami nikamuuliza, kwa Kiarabu changu cha kitabu, khalas yake ilikuwa ipi. Akacheka sana. Akaona uso wangu, akaacha. Safari hii aliongea taratibu.

"Si nilimwambia? Gongo, khalas. Sasa awafundishe watoto. Mkataba wa ukocha uko hapa, nangoja aje. Mbona amekaa kimya huko? Nilidhani amenikataa."

Ulikuwa unamngoja yeye, naye anakungoja wewe, na katikati nilikuwa mimi na basi yangu.

Kwa hivyo Baba, natafsiri upya. Khalas ilikuwa zote mbili. Ya kupiga imekwisha. Ya kurudi, sawa.

Anakupigia kesho, na mimi naogopa utasikia nusu ya kwanza tu na kusema hapana kabla hajafika kwenye ya pili. Najua litakuuma. Linaniuma na mimi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mpira wako ukivuka ua wa uwanja, na wewe unatembea tu, hukimbii, kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Sitakiona tena. Nimelia kidogo kwa ajili ya hilo, hata Mama hakujua mpaka aliposoma hapa.

Lakini simu ikilia, usipige upepo. Acha mgeni afike mlangoni.

Begi lako liko hapa miguuni. Sijui kupiga kelele, unajua. Hii ndiyo honi yangu, Baba, moja tu. Nimeegemea kiti, nangoja.

Binti yako na mkalimani wako,
Neema