Maada ya Giza na Ndagala za Baraka

Jumatatu, 6 Mei
Kama ulimwengu wa mwanzo ulitanuka haraka kuliko tunavyodhani, maada ya giza ilibaki nyingi zaidi. Kasema Furaha, mwanafizikia mzaliwa wa Lweba, aliyerudi nyumbani kuondoa matanga ya baba yake. Chembe zake mbili zikikutana huangamizana. Ulimwengu ukitanuka mbio, zinatengana mapema, na zisizokutana zinabaki. Ni hesabu tu. Hakuna aliyewahi kuiona chembe hata moja. Nimeandika hivyo hivyo.

Ijumaa atakuja redioni kwetu, moja kwa moja hewani. Mahojiano ni yangu. Nani mwingine?

Jumanne, 7 Mei
Direkta kampa Riziki, mtangazaji wetu mdogo, mahojiano yale. Eti bamama wa sokoni wanamwelewa. Mimi nishike mitambo. Nilimfundisha mwenyewe kushika maikrofoni. Nina wivu. Basi.

Jumatano, 8 Mei
Riziki kafanya mazoezi mbele yetu. Ulimwengu ni soko la Baraka, mvua inalitawanya mapema. Mfano mzuri. Ulipaswa kuwa wangu. Kisha akakosea. Soko likitawanyika mbio, alisema, watu wanabaki wachache, basi na maada ya giza inabaki kidogo. Kinyume kabisa. Direkta akapiga makofi.

Kwetu kosa la mazoezi hutajwa palepale, na mkubwa ndiye hulitaja. Mkubwa ni mimi. Nilikunja waya.

Ijumaa, 10 Mei
Riziki kalisema kosa lile hewani. Nilikuwa nalingoja. Furaha akacheka.

"Hapana, dada! Usihesabu bantu, hesabu ndagala. Mama yangu alikuwa anauzisha izo samaki ndogo hapa sokoni. Mvua ikipiga mapema, banunuzi banakimbia, kapu inarudi inajaa. Tulikuwa tunakula ndagala mpaka tunachoka!"

"Kumbe mi nilisahau kapu!" Riziki akajibu. "Bamama, munisamehe."

Simu zikaita, kutoka Kilembwe, kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Wote walimtaka Riziki. Kosa nililomwachia ndilo lililowapendeza.

Jumamosi, 11 Mei
Riziki kaleta chai. Huniita yaya, mkubwa wake.

"Yaya, siku ya mazoezi ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Aliweka kikombe changu mezani, akatoka na chake. Siku zote tunakunywa pamoja.

Wivu bado upo.

Furaha anarudi redioni Jumanne, tarehe 14. Maswali ni ya Riziki. Mazoezi Jumatatu asubuhi. Nitakaa mbele, nitaje kosa likitokea.