Mkwe Anapogawa Uji

Nyasho, Musoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza niambie magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Lushoto, maana nakujua, ukiulizwa kwenye simu unajibu "nzuri tu" hata kama umekaa kitako na kuinuka huwezi. Mimi ni mzima, cherehani inazunguka, wateja hawakosekani, na jua la ziwani limenichoma mpaka ukiniona utauliza ni mtoto wa nani.

Uliniuliza Jumamosi zangu nazipeleka wapi. Sina mchumba, Mama, pole sana. Nimejiunga na kikundi cha kina mama kule Bweri, wa kanisani na wa msikitini wamechanganyika. Tunapika uji kwa ajili ya familia zilizokwama kimaisha, na kila familia inaondoka na unga wa wiki. Mihogo na mtama tunapewa na wakulima wa Bunda na Butiama. Hatulipwi chochote. Najua hapo umeguna. Guna tu, lakini nikikosa kwenda hata Jumamosi moja najisikia kama naumwa.

Kiongozi wetu ni Mama Bhoke, mwanamke anayeweza kusimamisha bodaboda kwa sauti tu bila kuinua mkono. Mpishi, ambaye pia ndiye mpimaji wa unga, alikuwa mwanamume mmoja mpole anayeitwa Magesa. Amehamia hapa karibuni akitokea Kabasa, Bunda. Uji wake haukuwa na donge hata moja.

Sasa sikia. Kuna bibi mmoja, Bibi Nyangeta, analea wajukuu peke yake. Tangu Magesa aanze kupika, bibi akaacha kuja. Siku moja nilimwona kwa macho yangu amefika hadi getini, akajifunika khanga usoni, akageuka na wajukuu wake. Nikamkimbilia.

"Nimeshakula, mjukuu wangu," akasema huku anatembea. "Wape wengine."

Nikamwamini. Nikarudi kuwaambia wenzangu kwamba bibi amepata nafuu. Na kwa kuwa wanaosubiri ni wengi kuliko unga, ikaamuliwa nafasi yake apewe mwingine Jumamosi inayofuata.

Katikati ya wiki nilimpelekea sketi ya shule niliyomshonea mjukuu wake mkubwa. Mama, kuku wa jirani alikuwa ameatamia mayai jikoni kwake, katikati ya mafiga! Kuku haatamii mahali panapowashwa moto. Nilisimama pale na sketi yangu mkononi, machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Bibi, mbona ulinidanganya?"

Akacheka kwa aibu, akainama. "Pale si anapikaga mkwe wangu? Magesa kamuoa mtoto wa dada yangu. Mimi na mkwe hatutazamanagi, leo nipokee kikombe mkononi kwake? Nifungue mdomo ninywe mbele yake?"

"Lakini watoto wana njaa, bibi."

"Njaa naijua. Hiyo aibu ndiyo siiwezi."

Hata kwetu mkwe ana heshima yake, lakini wewe ungepokea sahani na kumwombea dua juu. Huku ni ukuta. Na Magesa wa watu hakuwa na habari. Kila alipomwona mama mkwe kwa mbali alikuwa anainamisha macho kwenye sufuria, kama adabu inavyotaka, asijue kwamba anayeondoka anaondoka na njaa.

Nikasema nimbebee unga kimya kimya. Bibi akakataa. "Unga nao anaupimaga yeye."

Basi nikaenda kwa Mama Bhoke, naye akajishika kichwa. "We mtoto, si ungeniuliza? Hayo sisi tunayajuaga!" Ijumaa akamwita Magesa pembeni. Sikusikia walichozungumza, ila nilimwona Magesa anavua aproni yake taratibu, anaikunja, anakaa juu ya gunia.

"Kumbe nimemzibia mama njia ya chakula," akasema.

Aliipenda kazi ile, Mama, ungemwona anavyokoroga huku anaimba. Akaomba apewe kazi ya kufuata mihogo Butiama, aondoke familia hazijafika, arudi zikiwa zimetawanyika. Hakumlaumu mtu.

Nikampelekea habari Bibi Nyangeta, Jumamosi akaja, na nafasi yake tulikuwa tumeshairudisha. Uji niliukoroga mimi, madonge matupu, na wajukuu waliucheka huku wanaomba waongezewe. Bibi alimaliza kikombe, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaniuliza, "Na mama yako huko kwenu, anakulaga na nani?"

Nikamjibu usiwe na wasiwasi na mama yangu, bibi, kila nikimpigia simu ananiambia ameshakula. Aliendelea kunitazama tu, mpaka nikaona aibu, nikaenda kuosha vikombe.

Nisalimie mjomba Juma seremala, mwambie kigoda alichonitengenezea ndicho ninachokalia nikiandika haya. Msalimie shangazi Mwantumu hapo sokoni kwenye maharage yake, na jirani yetu Mama Zubeda, ambaye najua atasomewa barua hii kabla haijapoa.

Na wewe, Mama. Tangu mdogo wangu Hamisi aende chuoni umebaki peke yako ndani ya nyumba ile, na mimi nimekaa huku napikia watoto wa watu. Ijumaa nitakupigia. Sitaki kusikia umeshakula. Nitajie ulichopika, na uniambie nani alikaa nawe jamvini. Kama hakuna mtu, sema hakuna, nije.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mwanaidi