Mzee Mmoja wa Viatu

Chuoni, Nairobi
12 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumaini wewe na Mama mko salama, na kwamba goti lako limepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina huruma. Vile viatu ulivyonishonea vinasifiwa na kila mtu. Simu yangu hupokei tangu ile Jumamosi, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi barua hii.

Najua umekasirika. Ulikuwa umekaa mlangoni pa kanisa ukipokea viatu vya watu, na mimi nikakupita na vyangu miguuni mpaka madhabahuni. Nilifanya makusudi, Baba. Mliniita nihubiri. Ningevua kama wengine, halafu niseme Kristo alimaliza sheria, si ningekuwa mnafiki? Kuvua viatu, kutokula nguruwe, kungoja jua la Ijumaa litue, hayo ni mambo ya Wayahudi. Paulo aliyaacha. Nyinyi ni Wabukusu na Wajaluo wa Nyamasaria, mnabeba mzigo wa watu wengine wa nini?

Nilisema kwa upendo, na siku moja mtanishukuru. Nisalimie dada yangu Nasike.

Ni mimi mwanao,
Simiyu


Nyamasaria, Kisumu
2 Machi 2024

Kwa mwanangu Simiyu,

Mulembe. Barua imefika, kondakta aliikalia siku nne. Sisi tuko. Mama yako anakohoa kidogo, goti langu ni lile lile. Anayeandika ni Nasike. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikisema sana anaruka.

Nikupe habari. Baada ya mahubiri yako familia tatu hazijarudi. Vijana wawili waliingia Sabato iliyofuata na viatu, wakasema msomi ametufungua. Mzee Ogola, kiongozi wetu, akaita kikao cha wazee. Wakaniambia kwa upole kwamba aliyeshindwa kumvua mwanawe viatu hawezi kuwavua wengine. Kwa hivyo sikai tena mlangoni. Miaka kumi na tisa nimepanga viatu pale, cha nani kiko wapi nakijua nikiwa nimefumba macho. Sasa amewekwa Okello. Mimi nakaa benchi ya nyuma, sijui hata mikono niiweke wapi.

Sikuandikii ili tugombane. Nina swali, na msomi ni wewe. Nasike ananisomea Matendo ya Mitume nikifunga kibanda changu cha kushona viatu. Kama mambo ya Wayahudi yaliisha, mbona baada ya Yesu kufufuka na kupaa, Petro na Yohana walikuwa bado wanapanda Hekaluni saa ya sala? Walikuwa hawajaambiwa? Nieleze taratibu nikawaeleze wazee. Labda nikiwa na jibu wataniona mtu tena.

Baba yako,
Waswa


Nyamasaria
18 Mei 2024

Simiyu mwanangu,

Mulembe. Sisi wazima, mama yako amepona kikohozi. Mvua imeharibu barabara, kwa hivyo viatu vya kushona ni vingi, namshukuru Mungu.

Jibu sijaliona. Nasike anasema una mitihani. Kama swali lilikuwa la kijinga, liache tu, usijisumbue.

Baba yako,
Waswa


Chuoni, Nairobi
30 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Mulembe. Nauliza hali zenu kwa aibu, maana mtu aliyekaa kimya miezi mitano hana uso wa kuuliza kama wengine ni wazima. Mimi nina afya, lakini moyo hapana.

Swali lako halikuwa la kijinga. Mimi ndiye niliyekosa jibu, na badala ya kusema sijui, nikanyamaza.

Sasa nikuambie kilichotokea. Mwezi wa sita Daktari Akello, anayetufundisha habari za kanisa la kwanza, aliuliza nani amewahi kuhubiri juu ya sheria na uhuru. Nikainua mkono mbio mbio. Nikasimulia vile niliingia kwenu na viatu. Darasa likacheka, nami nikazidi kutia chumvi. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Huyo mtu wa mlangoni uliyempita alikuwa nani?"

Baba, nilimjibu, "Mzee mmoja wa viatu."

Sikusema ni baba yangu. Na nilikuwa nimesimama mbele yake na viatu vile vile vya mkono wako.

Halafu akafundisha, na somo lenyewe lilikuwa swali lako. Alisema Yesu alizaliwa Myahudi, akasali kama Myahudi, akafa Myahudi. Waumini wa kwanza hawakujiona wameingia dini mpya. Walisema Masihi aliyengojewa na Israeli amekuja, wakaendelea kwenda Hekaluni na kushika Sabato, na nyumbani wakamega mkate kwa jina lake. Mitume na wazee walipokaa kikao Yerusalemu, hawakuuliza kama Myahudi aiache sheria. Waliuliza kama watu wa mataifa, yaani mimi na wewe, lazima waibebe yote, wakaamua si lazima. Na Paulo niliyewachapa naye, aliporudi Yerusalemu alijitakasa akaingia Hekaluni kama wenzake. Nikauliza makuhani wa huko walivaa nini miguuni. Akasema Maandiko yanataja mavazi yao moja moja na viatu havimo, na mapokeo ya Wayahudi yanasema walihudumu miguu mitupu.

Hakusema kanisa lenu limepata na wengine tumekosa. Alisema tu kwamba Paulo aliwafananisha watu wa mataifa na tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa kwenye shina la wengine, akalionya tawi lisijivune. Mimi nilijivuna mbele yenu wote, halafu nikamkana aliyenizaa. Siku hizi hata ibada ya chuo nakaa nyuma, naogopa kuitwa niombe.

Niruhusu nije niseme haya mbele ya Mzee Ogola na wenzake, nikuombee mlango wako. Ukikataa nitaelewa.

Mwanao,
Simiyu


Nyamasaria
14 Agosti 2024

Simiyu mwanangu,

Mulembe. Mama yako mzima, Nasike mzima, goti limekataa. Hii nimeandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Kuna kitu sitaki Nasike asikie.

Mzee wa viatu si tusi, ndiyo kazi yangu. Lakini imeniuma, siwezi kukudanganya. Niliisoma barua yako mwenyewe, polepole, nikaenda kushona soli ya mteja, nikaishona vibaya, ikabidi niifumue. Hata hivyo mtoto akinyea mkono, haukatwi.

Wewe umesema yako, na mimi niseme yangu. Pale mlangoni nimewahi kumsimamisha chifu. Nimemsimamisha polisi na buti zake, akavua. Wewe nilikuona tangu getini. Ningesema neno moja tu ungevua, najua ungevua. Nilinyamaza. Vile viatu nilivishona wiki sita, ngozi niliifuata mwenyewe mpaka Sondu, nikajiambia wacha watu wamwone mwanangu msomi amesimama mbele na kazi ya mkono wangu. Vikibaki mlangoni katikati ya malapa, nani angeviona? Wewe uliingia navyo kwa ajili ya Paulo. Mimi nilikupitisha kwa ajili ya kujionyesha. Wazee hawakukosea kunitoa, na miezi yote hii nimewaacha waseme kosa ni lako peke yako. Nimeona aibu, mwanangu, kuliko wewe.

Juzi nilimwambia Mzee Ogola yote. Akasema nikulete.

Basi njoo Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Mlango usiniombee. Okello anachanganya vya kushoto na vya kulia, lakini mlango ni wake. Vaa vile vile viatu. Utanikuta getini, sitaingia kabla yako. Tutamvulia Okello pamoja, wewe vyako na mimi vyangu, tukakae benchi ya nyuma. Ibada ikiisha utanieleza ya Petro na Yohana, taratibu, kuanzia mwanzo.

Baba yako,
Waswa