Mlango wa Jikoni

Nyeri, 9 Juni 1968

Gatimu wangu, sukari ya moyo wangu,

Mapazia yetu ya arusi yalipendeza, ungeyaona! Jumanne watu wa Wamae walikuja na marungu.

"Bibi arusi, bwana yako mkaguzi atapitisha jumba letu la dansi ama hapana?"

"Wekeni mlango wa pili kwanza," nikawajibu.

Wakanivunja mkono wa kulia, wakawasha mapazia, wakafunga mlango wa mbele kwa nje.

Mpenzi, kumbe nilikucheka bure ulipotoboa ukuta wa jikoni kuweka mlango, wiki ya arusi yetu! Nilitokea hapo, nywele zikiungua.

Sasa niko kwa mama. Mkono wa pete ni mzima, ndio unaokuandikia. Jumba lao usilipitishe.

Wako, wako, wako,
Ngendo