Bidoni za Mama Béa

Alhamisi

Na jenereta nayo haikuwa na mafuta. Sijui nimwambie nani tena.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Ndani ya kabati la joto mlikuwa na vijidudu vya kifua kikuu vya fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Kamalondo. Tumevilea wiki tano ili tujue dawa ipi bado inaweza kumponya. Vikipoa havikui, tunaanza upya, na yeye hana wiki tano nyingine.

Nilikuwa nalaani tu. Mama Béa, anayesafisha maabara, akatokea mlangoni na bidoni za maji ya moto, dumu mkono huu na dumu mkono huu. Alikuwa amewasha mbabula yake ya makaa uani.

“Docteur, mi nafugaka bitoto ya kuku kwetu, ku Annexe. Courant ikikatika, natiaka bidoni pembeni yabo. Hakuna kenye kufa.”

Yeye alichemsha, mimi nikazipanga bidoni ndani ya kabati. Joto halikushuka mpaka umeme uliporudi jioni.

“Sasa tunatunza bidudu juu ya kubiuwa na dawa?” akauliza. Nilicheka hadi machozi.

Asante Mungu kwa mama huyu. Miaka sita, kila asubuhi, nimemwambia asilikaribie kabati lile.