Jani la Hillevi

Malmvaara, Mji Mpya
14 Juni

Mwanangu Hillevi,

Hujambo huko Göteborg? Huku tu wazima, mimi na goti langu bovu. Mji umehama kweli. Mgodi umeila ardhi chini yetu, basi tumesogezwa nyumba kwa nyumba, hata makaburi. Ile karakana ambamo babu yangu alinoa patasi za wachimbaji, na baba yangu akafua magurudumu ya vigari vya madini, imevunjwa. Nimepewa mpya, ina madirisha makubwa kama ya duka la nguo. Inapendeza. Ila ni kiangazi chetu cha kaskazini, jua halizami hata usiku wa manane, nami kwa kukosa usingizi naota huku natembea.

Nimeanza msalaba wa kaburi la mama yako, wenye matawi na majani ya chuma yanayolia upepo ukipita, kama ya wake wote wa wahunzi hapa. Kila jani ninaloliunga linaungua. Maisha yangu yote sijaunguza chuma hivi! Macho yamekwisha, mwanangu. Theluji ikinikuta sijaumaliza, nauza nyundo. Jirani Verner ananicheka: "We Arvid, unafua chuma au unachoma mkaa?"

Baba yako,
Arvid

Göteborg
2 Julai

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, bado nachomelea meli hapa bandarini. Barua yako imeniliza, halafu ikanichekesha. Baba wee! Karakana ya zamani ilikuwa na kidirisha kimoja, tena cheusi kwa masizi. Nilipokuwa mdogo nilidhani humo ni jioni siku zote. Mliisoma rangi ya chuma gizani. Sasa unakitazama juani: kimeshaiva, wewe unakiona kibichi, unakiongezea moto. Macho yako hayana kosa lolote. Tundika mablanketi madirishani. Na Verner mwambie anywe kahawa yake aliyotumbukiza vipande vya jibini, anyamaze.

Kuja sitaweza. Tangu tumzike Mama, nikiwaza nyumbani naomba zamu nyingine kazini.

Mwanao,
Hillevi

Malmvaara, Mji Mpya
30 Agosti

Mwanangu mpendwa,

U mzima? Usinune kwa kimya changu, nilikuwa kazini. Nimetundika mablanketi yote, hata lile la maua la mama yako. Giza likaingia, na chuma kikanirudishia rangi zake moja moja. Nililia, sikufichi.

Msalaba umesimama hapa mlangoni pa karakana, bado haujaenda makaburini. Waliompenda wameunga majani kwa mikono yao, kama desturi yetu ilivyo. La Verner limepinda, na bado anajisifu nalo. Upepo ukivuma yanalia polepole, nami nasikia kama mama yako anaosha vikombe chumba cha pili.

Tawi moja liko tupu. Jani la mtoto haliungwi na mtu mwingine, hata mimi. Sikulazimishi. Ila theluji haiko mbali.

Baba yako,
Arvid

Göteborg
9 Septemba

Baba, shikamoo.

Nafika Ijumaa, na treni ya asubuhi. Nimelia peke yangu vya kutosha.

Mablanketi usiyatoe.

Mwanao,
Hillevi