Mama, Nusu ya Milangilangi Imekatwa

Mama,

Watu wananiambia nisilie kwa sauti, eti marehemu anasumbuka. Basi leo silii. Leo nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo niwie radhi, usumbuke kidogo. Nakuandikia kwa Kiswahili chako, ulichonifundishia dua na hesabu, kwa sababu nikiandika Kifaransa hasira yangu inakuwa na adabu mno.

Nusu ya milangilangi imekatwa.

Nianze na arobaini yako. Mjomba Athumani alikuja kutoka Mahajanga na kanzu mpya. Hitima ikasomwa, watu wakala, kisha kaka yako akasimama katikati ya ua, mkono kifuani. "Dada yangu alikuwa na subira," akasema. "Na mimi tangu mwanzo nilimwambia: shikilia ile miti, usiuze."

Wageni wakaitikia. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vyombo. Nikasikia sauti yangu inatoka kabla sijairuhusu.

"Siku gani, Mjomba?"

"Unasemaje?"

"Siku gani ulimwambia asiuze?"

Mama Vola, aliyekuchumia maua tangu nikiwa mtoto, aliinamia sahani yake na mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa anacheka, Mama. Kwenye hitima yako. Nadhani ungemsamehe.

Maana mimi nilikuwepo. Nilikuwepo baada ya zile fujo za Mahajanga, Wakomoro walipouawa na nyumba yetu ya mtaa wa Tsaramandroso ikabaki haina mlango wala sufuria, Baba amekwisha kufa, na watu wetu wanagombania nafasi melini waende Komoro. Mjomba alisema nasi tuondoke. Ukamjibu, "Mimi nimezaliwa hapa. Niende kwa nani?" Ukauza bangili za harusi yako, ukanishika mkono, tukavuka kuja kisiwa hiki cha Nosy Be, ukanunua shamba la milangilangi, miti hii ya maua ya manukato, ambalo mwenyewe alikuwa analikimbia. Mjomba alikuita mwendawazimu mbele yangu. Alisema dhahabu mtu anaikimbia nayo, mti haukimbii.

Kisha bei ikaanguka. Mwenye mtambo wa kutengeneza mafuta ya manukato akawa anachukua maua ya mtu mmoja, anamrudisha mwingine na kikapu chake. Majirani wakakata miti, wakachoma makaa. Moshi uliingia hadi kwenye chandarua. Mjomba akaja: "Uza sasa, kabla haijashuka zaidi." Miaka ikapita, bei ikapanda, akaja tena: "Uza sasa, kabla haijashuka tena." Kila palipokuwa na msukosuko wa serikali, meli zikichelewa na wanunuzi wa nje wakijificha, yeye alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Na wewe, mikono imejaa unga wa vitumbua ulivyokuwa ukiuza sokoni ili tule, ulimwambia, "Nikiikata leo, bei ikirudi nitachuma nini? Moshi?" Na alipozidi, ulimgeukia kwa Kimalagasi, kama vile hakustahili tena lugha ya nyumbani: "Tsy handafo zaho." Mimi siuzi. Basi.

Huyo ndiye aliyesimama kwenye arobaini yako akasema alikwambia ushikilie.

Siku ya pili yake akaleta mnunuzi, bwana mmoja anayejenga nyumba za watalii upande wa Ambatoloaka. "Mwanangu," Mjomba akaniambia kwa upole, "bei ya ardhi iko juu sasa. Ya kesho hatuyajui."

"Ya kesho hukuyajua hata zamani," nikamwambia. "Ulikuwa unayaogopa tu."

Lakini mwalimu wa msikitini alikaa nasi akaeleza mirathi. Mimi ni binti peke yangu: nusu. Iliyobaki ni ya kaka yako. Sheria ni sheria, sibishani nayo. Nabishana na yeye. Nilimwomba tusiligawe shamba, tuwe tunagawana mavuno. Alicheka. Akachagua upande wa barabara, palipo tambarare, akauuza wiki ile ile.

Walikuja asubuhi na misumeno ya mashine. Miti yako ile, Mama, uliyoikunja matawi kwa mikono yako miaka yote ili wanawake wayafikie maua bila kupanda ngazi. Ilikuwa imechanua. Hawakungoja hata ichumwe. Mama Vola na wenzake waliingia katikati ya makelele wakawa wanachuma kwenye miti iliyolala chini, wamepiga magoti, na kijana mwenye msumeno anawapigia kelele waondoke. Hawakuondoka. Harufu ilikuwa kali hadi kichwa kiliniuma. Nilitaka kuwasaidia, nikashindwa. Nilikaa kwenye kizingiti chako, basi.

Na sitakudanganya. Nyumba alizojenga yule bwana hapo zimekwisha, zimeezekwa vizuri, watalii wamejaa, wanapanda boti asubuhi kwenda Nosy Sakatia kupiga mbizi. Mjomba amenunua gari. Maua mwaka huu yananunuliwa kwa taabu. Mtu akipita barabarani leo akatutazama sote wawili, atasema Mjomba ndiye mwenye akili.

Atasema na wewe ulikuwa mjinga. Hilo ndilo linaloniunguza.

Lakini nina hasira na wewe pia, na nikiificha, barua hii itakuwa hotuba kama ya Mjomba. Wanakusifu kwa subira kana kwamba ulikaa kivulini ukingoja. Hawakuona kwamba subira ile ilikuwa na bei, na wa kulipa tulikuwa wawili. Uliweka kila kitu kwenye mti wa aina moja. Ule mwaka mtambo ulipofungwa, ulinitoa shule niliyokuwa nimerudi kusoma Mahajanga, nije nikaange vitumbua, nami nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho. Ulisema, "Mwaka mmoja tu, Mariamu." Sikurudi tena. Ungeweza kuuza kona moja tu ya shamba, Mama. Kona moja. Sikukuuliza wakati ule, na sasa umeniachia swali na miti.

Nimelala na swali hilo miezi yote hii. Jibu sina. Nilichofanya ni hiki: nusu yangu sijaikata wala sijaiuza, na yule bwana amerudi mara kadhaa, kila mara akitabasamu zaidi. Ila kwenye mpaka nimepanda pilipili manga, inapanda mitini vizuri, na chini ya bonde nimejaribu vanila. Mama Vola ananung'unika kwamba ungechukia kuona mimea ya kigeni imekumbatia milangilangi yako. Nimemwambia wewe unaweza kuchukia, lakini shamba litatulisha.

Mapema leo tulichuma, vikapu vichache tu. Mwanangu Zainabu alitusaidia, kisha akanawa, akavaa sare, akaenda shule. Nilimsindikiza kwa macho hadi akapotea kwenye kona.

Lala salama, Mama. Mungu akupe nafasi pana, isiyo na mtu wa kukubishia hodi. Naahidi sitauza kwa kuogopa, awe Mjomba, awe soko, awe nani. Na naahidi jambo moja ambalo wewe hukuniahidi: siku mti na shule ya mtoto vikigombana, nitaukata mti mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kisha nitapanda mwingine.

Binti yako,
Mariamu